Mvua na Mtoto Huombwa kwa Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.



Mwaka 1928 mkulima mmoja wa Syria alikuwa akilima karibu na pwani, jembe lake likagonga kaburi la kale. Mwaka uliofuata wachimbuzi walianza kuufukua mji wa Ugarit, wakapata vibao vya udongo vilivyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Humo ametajwa Ashera, mungu wa kike aliyedaiwa kuwa mama wa miungu 70. Wakanaani walimsimamishia nguzo za miti, wakitaraji uzazi kwake. Pamoja naye ametajwa Baali, aliyeombwa mvua, naye ndiye ambaye Nabii Ilyas (A.S.) aliwakataza watu wake kumwomba, kama ilivyo katika Surat As-Saffat, aya ya 125.

Tusiwacheke watu wale, kwani haja zao ndizo haja zetu. Hapa Kichiwa aliyekwisha kupanda mahindi hutazama mbingu, na nyumba isiyo na mtoto hukosa usingizi. Upotovu wao haukuwa katika haja, bali katika mlango walioubisha. Basi apelekaye kuku chini ya mti ili apate mtoto, au amwagaye pombe makaburini ili mvua inyeshe, amebisha mlango ule ule.

Mlango wa haki upo. Katika Surat Nuh, aya ya 10 hadi 12, istighfari imeahidiwa mvua na watoto kwa pamoja. Wala dua haikatazi hospitali. Na waende wote wawili, mume na mke, kwani kasoro huweza kuwa kwa yeyote.

Na asiyejaaliwa hakulaaniwa. Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, yatufunza kwamba mwenye kutoa na kunyima ni Mwenyezi Mungu peke yake. Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa, naye ni Mama wa Waumini. Ewe mama mkwe, umsimangapo mkaza mwana wako kwa utasa, ni wewe unayemsukuma kuuendea mti. Mche Mwenyezi Mungu, umwombee.

Ewe Mola wetu, tupe mvua yenye manufaa, utujaalie kizazi chema, na utukinge na shirki ya dhahiri na ya siri. Amin.