Mlango Mmoja kwa Mwanachama Mpya
(Mazungumzo ya Katibu siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya simu na kikundi chetu. Wengine mmeshaanza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka.

Utaratibu huu wa hisa hatukuuzua sisi. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika Unguja, kwa wanavijiji wa pembezoni mwa msitu wa Jozani. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali. Mwanachama mpya alikaa mkekani, akaona pesa zinahesabiwa, muhuri unagongwa kitabuni, sanduku linafungwa. Hata asiyejua kusoma alielewa zake ziko wapi.

Sasa tazameni tunavyompokea leo. Tangazo lipo WhatsApp, hisa tuma kwa simu, marejesho ya mkopo peleka namba ile nyengine, salio muulize mshika fedha, na kitabu usikisahau. Milango mitano siku ya kwanza! Mwenye laini ya Vodacom aanze na *150*00#, mwenye ya Yas *150*01#. Tofauti ni tarakimu moja tu, na menyu za ndani hazifanani. Jina nalo halikai: tulikwishazoea Tigo Pesa, mwaka 2024 ikawa Mixx by Yas, na bibi mmoja hapa akadhani pesa zake zimehama. Ndipo watu wanapowapa wajukuu namba ya siri. Hapo mama, hisa si zako tena, ni za mwenye vidole vyepesi.

Mgeni akishuka Darajani akakuuliza njia ya Forodhani, humtajii vichochoro vyote vya Mkunazini na Hurumzi. Unampitisha njia moja, kesho anakwenda mwenyewe. (Wapo wenyeji wa Ng'ambo wanaopotea Mji Mkongwe hadi leo, siwataji.)

Basi kamati tumekubaliana hivi. Mikutano mitatu ya mwanzo mwanachama mpya atakaa na mwenzake wa zamani, ajifunze mambo mawili tu: kutuma hisa na kusoma ujumbe wa kuthibitisha. Mkopo na mengineyo baadaye. Pesa zote zitapita namba moja, iliyohifadhiwa katika kila simu kwa jina moja. Kabla hajaweka namba ya siri asome jina linalotokea. Likiwa si la kikundi, aache. WhatsApp ni ya matangazo, pesa haziombwi humo, hata ujumbe ukija na picha yangu.

Mwenye kitochi asione haya, nyota na reli zinafanya kazi humo humo.

Na kitabu hakiondoki. Wapo kwenye kamati waliotaka kiondoke, mimi nilikataa. Simu ya mkulima wa mwani wa Paje ikizama baharini, kitabu kipo nyumbani. Kila mkutano salio litasomwa kwa sauti, kila mmoja alinganishe na chake.

Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri. Njooni na simu zenye chaji. Na wewe utakayekaa na mgeni, usimshikie simu. Mwache abonyeze mwenyewe, hata ikichukua hadi magharibi.