Beji ya Mabaharia wa Anga na Beji Yetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache kabla kamati haijaamua juu ya beji ya shule. Najua wengi mmekwisha kuchagua upande. Mimi sikuja kutetea mchoro wo wote. Nitasema juu ya beji ya watu ambao hawakuwako kamwe, kwa sababu kazi ya kuitafuta imenifunza namna ya kuitafuta yetu.

Kwa miaka kadhaa, katika saa zangu za mapumziko, nimekuwa nikitengeneza nakala za beji zilizovaliwa katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek. Ulibuniwa na Gene Roddenberry, ukaonyeshwa na shirika la NBC tangu Septemba 1966 hadi Juni 1969, vipindi 79 kwa jumla. Unasimulia safari za mabaharia wa anga wa karne zijazo katika chombo kiitwacho Enterprise. Na sisi Waswahili tumo. Afisa wa mawasiliano, aliyechezwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, anasemeshwa Kiswahili.

Mavazi yalikuwa kazi ya William Ware Theiss. Kila baharia alivaa kifuani, upande wa kushoto, kipande cha kitambaa cha rangi ya dhahabu chenye ukingo mweusi, umbo lake kama kichwa cha mshale kinachoelekea juu. Ndani yake mlikuwa na alama ya kazi: nyota ndefu kwa wenye amri, umbo la mviringo kwa wanasayansi, na mzunguko kama wa konokono kwa mafundi na watu wa mawasiliano. Muuguzi alikuwa na msalaba mwekundu. Cheo kilisomwa mkononi, kwa mistari ya dhahabu: luteni mstari mmoja, nahodha mistari miwili mizima na mmoja wa vipande katikati yake.

Kunakili kitu kama hicho kwaonekana rahisi. Tazama picha, chora, mpe fundi cherehani. Lakini mambo matatu yalinizuia kufanya haraka.

La kwanza, jicho pekee halitoshi. Watazamaji wote waliona kuwa nahodha amevaa shati la njano. Shati lenyewe lilikuwa la kijani. Taa za studio na filamu ya siku zile ndizo zilizoligeuza njano. Aliyetazama kwa makini aliweza kushuku, maana vazi la sherehe la nahodha yule yule, kwa kuwa lilishonwa kwa kitambaa kingine, lilionekana kijani.

La pili, kitu chaweza kuwa na zaidi ya sura moja ya kweli. Miaka miwili ya kwanza mashati yalikuwa ya velua, kitambaa chenye manyoya kama mahameli, ambacho kilikuwa kikisinyaa kila kilipofuliwa. Mwaka wa tatu yakashonwa ya nailoni. Uhura mwenyewe, ambaye watu wote humkumbuka kwa nguo nyekundu, alivaa rangi ya wenye amri katika vipindi viwili vilivyopigwa mwanzoni. Basi mtu akisema anataka nguo ya Uhura iliyo sahihi, hapana budi aulizwe: ya lini?

La tatu ndilo kubwa. Katika vipindi vichache walionekana mabaharia wa vyombo vingine wakiwa na beji za umbo tofauti. Decker alikuwa nayo mwaka 1967, na Nahodha Tracey mwaka 1968. Kutokana na hayo wapenzi wa mchezo wakahitimisha kuwa kila chombo kilikuwa na beji yake, na kichwa cha mshale ni cha Enterprise peke yake. Wazo hilo lilikubalika kwa miaka mingi, hata mwaka 2005, mchezo mwingine wa jamii hiyo hiyo ulipowaonyesha watu wa chombo kiitwacho Defiant, wakavalishwa beji ya pekee.

Lakini kulikuwa na karatasi. Desemba 1967 Robert Justman, mmoja wa watayarishaji, alimwandikia Theiss dokezo la kumkumbusha kuwa mabaharia wa vyombo vyote vya daraja ya Enterprise huvaa beji moja. Umbo tofauti lilifaa kwa chombo cha mizigo tu, kama mabaharia wa meli za biashara walivyo mbali na jeshi la maji. Na kweli, watu wa Defiant walipoonekana mara ya kwanza, mwaka 1968, vifuani mwao mlikuwa na kichwa cha mshale. Ushahidi ulikuwa wazi machoni pa kila mtu. Dokezo moja la ofisini lilitosha kuangusha imani ya miaka mingi. Sisi tunaofanya kazi na majalada tusilidharau jalada.

Ndugu zangu, sasa tuitazame beji yetu. Zipo tatu. Ya makoti ya zamani ina mwenge wenye ndimi tatu. Ya vyeti ina ndimi tano. Ya fulana zinazouzwa siku hizi haina mwenge kabisa, ina kitabu. Kila upande unasema yake ndiyo ya asili. Pendekezo lililo mezani ni tupige kura. Kura yaweza kutuambia tunapenda ipi. Haiwezi kutuambia waanzilishi walichora ipi, wala kwa nini.

Naomba jambo hili lisubiri mwaka mmoja. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wagawiwe kazi: wakusanye makoti, vyeti, picha, matoleo ya gazeti hili na kumbukumbu za bodi, na kila kitu kiandikwe mwaka wake na kilikotoka. Wawaendee wazee wa miaka ya kwanza nyumbani kwao na kuandika wanayoyasema. Wazee hao wanapungua. Hatutawangoja wala wao hawatatungoja. Huenda tukakuta kuwa zote tatu ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Hapo tutachagua tukijua tunachokiacha.

Na neno la mwisho kwa vijana. Kila nakala ninayoishona huandikwa nyuma kwa wino usiofutika: NAKALA, na mwaka. Vitu halisi vya mchezo ule huuzwa kwa fedha nyingi, na wadanganyifu hawakosi. Nakala nzuri humfundisha mtu; isiyo na alama, kesho itamdanganya mwingine. Beji tutakayoishona, iwe ya asili au mpya, tuiandikie ilivyo.