Redio Katikati ya Duara

Mwaka 1973, katika kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, takribani watu milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, kisha, ilipozimwa, wakajadiliana, hata asiyejua kusoma akatoa rai yake sawasawa na msomi, na wengi wakaondoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Faida, nadhani, ilikuwa katika kule kuzima. Basi leo mwalimu aliyejaaliwa simu moja tu darasani na aitumie kama redio ile: awasikilizishe wanafunzi somo, asiyeona akiwa karibu, asiyesikia akiandikiwa ubaoni, kisha aizime awaulize, akianza na yule wa nyuma asiyenyoosha mkono.