Astashahada au Shahada: Mlango wa Kuingilia Taaluma ya Rasilimali Watu Tanzania

Neno "cheti", katika mazungumzo ya wazazi na vijana wanaotafuta vyuo, hubeba mambo matatu yasiyofanana, na sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu masomo ya rasilimali watu huanzia hapo. Cheti huweza kuwa astashahada, yaani tuzo ya ngazi ya 4 na ya 5 katika mfumo unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ambamo stashahada hushika ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 8. Huweza pia kuwa karatasi anayopewa aliyehudhuria mafunzo ya siku tatu katika ukumbi wa hoteli, ambayo haina ngazi yoyote, au kuwa cheti cha kitaaluma kinachotolewa na chombo cha wanataaluma, kama CIPD ya Uingereza. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ilipitishwa mwaka 2012, aina hiyo ya mwisho ina uzito wa kisheria kwa kuwa inahusiana na usajili wa wataalamu. Mada hii inashughulikia astashahada, kwani ndiyo inayoshindanishwa na shahada pale mhitimu wa sekondari anapojaza fomu ya kuomba chuo.

Kwa anayelenga utumishi wa umma, uhuru wa kuchagua ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kila kada serikalini huongozwa na muundo wa maendeleo ya utumishi, yaani waraka unaotaja sifa za kuingilia kazini, majukumu ya kila daraja na masharti ya kupanda kutoka daraja moja kwenda jingine, na katika kada ya maafisa utumishi, ambao siku hizi matangazo ya kazi huwaita maafisa rasilimali watu, sifa ya kuingilia daraja la II ni shahada. Mwenye astashahada anayefungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira akitafuta nafasi inayotaja tuzo yake kwa jina atatafuta sana, kwa kuwa hata masjala, ambako wengi hudhani ndiko pa kuanzia, nafasi ya mtunza kumbukumbu hudai masomo ya utunzaji wa kumbukumbu na wala si ya rasilimali watu. Jambo hili halielezwi vya kutosha katika vipeperushi vya vyuo, na mzazi aliyeuza mahindi ili kupata ada anastahili kulifahamu kabla muhula wa kwanza haujaanza.

Sekta binafsi ina hesabu nyingine. Katika kiwanda chenye wafanyakazi mia mbili, mwajiri huhitaji kwanza mtu wa kutunza majalada, kuandaa mikataba, kufuatilia likizo ya siku 28, kuwasilisha michango NSSF na kukamilisha orodha ya mishahara kabla mwezi haujaisha, na kazi hizo mwenye astashahada aliyepitia mafunzo kwa vitendo huzimudu, pengine kuliko mhitimu wa shahada ambaye hajawahi kushika jalada la mfanyakazi hata mara moja. Ugumu hujitokeza pale mfanyakazi anapotuhumiwa kosa la nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataka mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kikao kiongozwe na mtu wa uongozi asiyehusika na tukio. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwamuzi akilifungua jalada hana haja ya kujua aliyeliandaa alisoma hadi wapi. Akikuta barua ya wito ya Jumatatu alasiri kwa kikao cha Jumanne asubuhi, na mwenyekiti wa kikao akawa ndiye msimamizi aliyeandika ripoti ya wizi, utetezi wa mwajiri huwa umeyumba kabla shahidi yeyote hajaitwa.

Hesabu ya kiinua mgongo nayo hupima kama anayeandaa jalada anaijua sheria. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa mshahara wa shilingi 780,000 na utumishi wa miaka 6, mkono uliozoea kugawa mwezi kwa siku 30 hupata shilingi 1,092,000, ilhali anayegawa kwa 26 hupata 1,260,000. Jedwali la Kwanza la sheria hiyo huuhesabu mwezi kuwa wiki 4.333, na kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki kigawanyo cha siku hukaribia 26. Astashahada humzoesha mtu fomu. Shahada inatarajiwa kumzoesha jedwali, ingawa zipo shahada ambazo huzunguka nadharia za Taylor na Maslow mihula mingi bila mwanafunzi kuisoma sheria ya kazi kifungu kwa kifungu, wala kuambiwa kwamba hotelini Unguja atakuta sheria nyingine, ya mwaka 2005.

Kwa upande wa muda, aliyemaliza kidato cha nne kwa ufaulu wa masomo manne huweza kuanza ngazi ya 4, akafika stashahada kwa miaka mitatu na, akiwa na wastani usiopungua 3.0, akasoma shahada miaka mitatu zaidi. Anayepitia kidato cha sita hutumia miaka mitano. Mwaka huo mmoja wa ziada si gharama kubwa kwa familia isiyo na uwezo, kwani njia ndefu ina vituo vya kushuka, kufanya kazi na kuweka akiba, tena humpunguzia mtu mkopo wa elimu ya juu, ambao marejesho yake hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mhitimu wa kidato cha sita ambaye tayari ana sifa za kudahiliwa chuo kikuu, kurudi kuanza na astashahada ni hasara tupu.

Aliyekwisha kuajiriwa serikalini katika kada nyingine na kusoma shahada ya rasilimali watu jioni ana kikwazo chake. Ili abadilishiwe kada, masomo yake yanapaswa kuwa na ruhusa ya mwajiri, na nafasi iwepo katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa na kutengewa fedha. Nafasi isipokuwepo, nakala ya shahada huwekwa katika jalada lake binafsi, naye huendelea na cheo chake cha zamani hadi ikama ya mwaka mwingine ipitishwe.