Majalada ya Karatasi na ya Kompyuta

Kupanga masjala ni kutenganisha kumbukumbu zinazotumika na zile tuli. Katika ofisi za umma za Mkoa wa Songwe, Tanzania, kazi hiyo ina ugumu wake. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hivyo barua ya zamani ya kiwanja cha Tunduma inaweza kubeba anwani ya Mbeya na bado ikahitajika mahakamani. Haitupwi kwa sababu tu imechakaa.

Majalada hai hubaki masjala, kila barua ikiwa na namba ya folio, yaani ya mfuatano wake ndani ya jalada, kwenye kona ya juu. Yaliyofungwa huhamishiwa chumba cha kumbukumbu tuli. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inakataza kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini, hata kabati likifurika.

Kwenye kompyuta fujo ni ileile, ila haionekani. Faili liitwalo “barua mpya ya mwisho 2” halimsaidii yeyote. Jina lionyeshe tarehe, somo na namba ya jalada. Nyaraka za ofisi zilizobaki kwenye simu ya mtumishi ziingizwe kwenye mfumo wa ofisi kabla hajahama kituo.