Kufungiwa Mlango: Neno Juu ya Vikwazo vya Kuba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Garissa)



Katika shughuli za leo liko azimio moja ambalo limeleta maneno mengi tangu lilipobandikwa ubaoni. Lenyewe ni fupi. Lasema kwamba sisi wanachama tunaungana na mataifa yanayoitaka Marekani iondoe vikwazo vya biashara ilivyoiwekea Kuba. Wengine wameuliza, "Kuba ni wapi, na sisi wa Garissa yatuhusu nini, hali tuna shida zetu wenyewe?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia.

Tuanze nyumbani. Ni watu wachache katika Kenya wanaojua kufungiwa mlango kama sisi. Wakati wa Mwingereza, kwa sheria ya mwaka 1902 na tena ile ya 1934, sehemu hii ya mpaka wa kaskazini ilikuwa nchi iliyofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Ng'ombe wetu walitiwa karantini. Sababu iliyotajwa ni maradhi, lakini aliyenufaika ni setla wa bara, ambaye ng'ombe wake hawakushindana na wetu sokoni. Baada ya Uhuru, Desemba 1963, ikaja hali ya hatari, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Januari 2007 mpaka wa Somalia ukafungwa. Mei 2023 Serikali ikatangaza kwamba Mandera, Liboi na Ras Kamboni zitafunguliwa hatua kwa hatua, na Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulio, ikaahirisha.

Sasa tuulizane. Mpaka ulipofungwa, je, sukari ya magendo ilikoma? Haikukoma. Mwenye lori kubwa na jamaa wakubwa alipita. Aliyekwama ni mama wa kibanda, na kijana anayengoja lori la kupakua ili apate chakula cha jioni. Basi hilo ndilo somo la kwanza: mlango ukifungwa, tajiri hupita dirishani, na mfanya kazi hubaki nje.

Sasa twende Kuba. Ni kisiwa chenye watu wapatao milioni 10, maili 90 tu kutoka pwani ya Marekani, yaani karibu kuliko kutoka hapa mpaka Liboi. Mwaka 1959 Fidel Castro na wenzake waliuangusha utawala wa Batista. Mwaka 1960 wakatwaa viwanda vya kusafisha mafuta na mashamba ya miwa yaliyokuwa mali ya makampuni ya Kimarekani. Marekani ikajibu: Oktoba 1960 ikakataza bidhaa zake kwenda Kuba isipokuwa chakula na dawa, na Februari 1962 Rais Kennedy akafunga biashara karibu yote.

Nia ilikuwa nini? Iko barua ya Aprili 1960 iliyoandikwa na Lester Mallory, ofisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ambayo baadaye ilitolewa hadharani. Alikiri kwamba Wakuba walio wengi walimuunga mkono Castro. Kwa hiyo akashauri nchi inyimwe fedha na bidhaa, mishahara ishuke, watu wapate njaa na kukata tamaa, ndipo serikali ianguke. Ndugu zangu, sikieni hapo kwenye mishahara. Mtu wa kwanza aliyekusudiwa kupigwa hakuwa Castro. Alikuwa ni mfanya kazi.

Tena ikaonekana kwamba kufunga mlango wa Marekani peke yake hakutoshi. Kwa sheria ya mwaka 1992, meli iliyopeleka biashara Kuba haitii nanga Marekani kabla ya siku 180 kupita. Mwenye meli atapima mwenyewe: aende kwenye soko la watu milioni 10, au asipoteze soko la watu zaidi ya milioni 300? Ikafuata sheria ya mwaka 1996, inayotisha hata makampuni ya nchi nyingine, na kumzuia rais wa Marekani asiviondoe vikwazo kwa amri yake peke yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2000 Kuba yaruhusiwa kununua chakula Marekani, lakini hulipa fedha taslimu kabla ya kukipokea. Nani kati yetu angekula mwisho wa mwezi kama duka lingekataa kumwandika kitabuni?

Hapo ndipo mataifa yalipokataa. Ulaya, Kanada na Meksiko, ambazo ni rafiki za Marekani, zilitunga sheria za kukinga makampuni yao na sheria hiyo ya 1996. Katika Umoja wa Mataifa jambo hili hupigiwa kura karibu kila mwaka tangu 1992. Mwaka ule nchi 59 zilitaka vikwazo viondolewe, 3 zilikataa, na 71 hazikuamua. Mwaka 2016 zilikuwa 191, na hata Marekani yenyewe, wakati wa Rais Obama, haikupinga. Mwaka 2024 zilikuwa 187 kwa 2. Mwaka 2025 zilishuka kuwa 165, na 7 zikapinga. Wakuu wa nchi za Afrika nao wamepitisha azimio kama hili mara nyingi. Lakini kura hizo hazina nguvu ya kulazimisha, na sharti tuseme ukweli: mlango bado umefungwa.

Sasa nageukia wanaopinga azimio, maana wana hoja.

Mzee mmoja aliniambia, "Wewe wataka tuwaombee Wakuba? Walitupiga Ogaden." Mzee huyo hasemi uongo. Mwaka 1977 na 1978 maelfu ya askari wa Kuba walipigana upande wa Ethiopia, na jeraha hilo lingali katika nyumba nyingi za hapa. Sitaki mtu alisahau. Lakini mwenye kuvuna miwa Kuba leo hakupeleka jeshi Jijiga, na vikwazo havikuwekwa kwa ajili ya Wasomali. Havilipi damu yetu hata tone moja.

Wengine wamesema juu ya madaktari. Juni 2018 Serikali ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, na chama cha madaktari, KMPDU, kikalalamika kwamba madaktari wetu wenyewe hawana kazi. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, na lilielekezwa mahali pake, yaani kwa Serikali yetu. Oktoba 2023 Serikali ilitangaza kwamba mapatano yale hayataendelea. Lakini tusiwasahau wawili: Dakta Assel Herrera Correa na Dakta Landy Rodríguez. Tarehe 12 Aprili 2019 walitekwa Mandera wakienda kazini, na askari aliyewalinda akauawa. Februari 2024 Al-Shabaab walidai kwamba wawili hao wamekufa katika shambulio la ndege huko Jilib. Serikali ya Kuba ilisema haijapata uthibitisho. Hao walikuwa wafanya kazi wenzetu, waliokuja mahali ambapo wengi hukataa kupelekwa.

Wa tatu wameuliza, "Huko Kuba kwenyewe, wafanya kazi wana uhuru?" Hapana. Chama cha wafanya kazi kinachokubaliwa ni kimoja tu, nacho kiko chini ya chama kinachotawala. Tena serikali yao huchukua sehemu kubwa ya malipo ya madaktari inaowapeleka nje. Nalipinga jambo hilo waziwazi. Lakini vikwazo vya zaidi ya miaka 60 havijawaletea chama huru; vimewapa watawala kisingizio cha kila kosa.

Mwisho mtaniuliza, mbona tuliunga mkono kususia Afrika ya Kusini? Mwaka ule ule wa 1962 Umoja wa Mataifa uliomba nchi zisusie bidhaa zake. Tofauti ni hii: kule walioonewa wenyewe ndio walioomba, na dunia ikawaitikia. Kuba ni taifa moja lenye nguvu, na dunia inalikanya. Nasi tuna la kujifunza karibu zaidi. Julai 1996 nchi jirani, Kenya ikiwamo, ziliifungia Burundi biashara baada ya Buyoya kutwaa serikali. Bei zikapanda, magendo yakastawi, na Januari 1999 vikwazo viliposimamishwa, Buyoya alikuwa angali kitini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba azimio lipite, na liongezwe maneno mawili: kwamba twataka wafanya kazi wa Kuba wawe huru kuunda vyama vyao, na kwamba twakumbuka madaktari wawili wa Mandera pamoja na askari aliyekufa akiwalinda. Kura yetu haitafungua bandari ya Havana. Lakini aliyefungiwa mlango akinyamaza mwenzake anapofungiwa, kesho atamwomba nani amfungulie?