Rahabu Ndani, Akani Nje: Mwisraeli wa Maandiko ni Nani?

Ndugu wainjilisti, makatekista na walimu wa shule ya Jumapili,

Kwetu tunaohudumu kati ya Shinyanga na Geita, swali la mada hii si la vitabuni tu. Katoro, Nyarugusu na Kakola zimejaa watu walioifuata dhahabu: Wasukuma, Waha, Wakurya, Wahaya. Rashi ya dhahabu ikilipuka, wahubiri nao hawachelewi, na hakosekani wa kuwaambia wachimbaji kuwa wao ndio Israeli na duara la machimbo ndilo Kanaani.

Someni Yoshua 6 na 7 kwa pamoja. Rahabu ni Mkanaani, kahaba wa Yeriko, asiye na tone la damu ya Yakobo. Akani ni Myuda halisi. Mwandishi anamtajia baba, babu, hadi Zera. Huyu mwenye ukoo ndiye aliyechukua vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavifukia hemani. (Mnunuzi wa Geita angeiweka kabari ile kwenye mizani, angepata zaidi ya nusu kilo.) Akani akapigwa mawe katika bonde la Akori. Rahabu akakaa kati ya Israeli, na Mathayo akamwandika katika nasaba ya Yesu. Nadhani ukoo wa Akani umetajwa kwa urefu makusudi, ili msomaji aone kwamba haukumsaidia kitu.

Tangu mwanzo Israeli haikufungwa kwa damu tu. Kutoka 12:38 inasema kundi la watu mchanganyiko lilitoka Misri pamoja nao. Ruthu alikuwa Mmoabu. Kilichowafunga pamoja ni agano la Sinai, na agano hilo liliwadai wampende mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri (Walawi 19:34). Paulo, katika Warumi 11, anayaonya matawi yaliyopandikizwa, yaani watu wa mataifa, yasijisifu. Ama dola ya Israeli iliyotangazwa Mei 1948, huo ni mjadala mwingine, tusiuingize humu.

Afrika Mashariki imeziona njia zote mbili za kuwahesabu watu, ya agano na ya damu. Mwaka 1919, karibu na Mbale, Semei Kakungulu alisoma Agano la Kale, akatahiriwa, akashika Sabato. Wafuasi wake, Abayudaya, wapo hadi leo, na hawadai kutoka katika makabila kumi yaliyopotea. Waliingia kwa kuishika sheria. Njia ya pili ni ya damu. John Hanning Speke alipita Usukuma mwaka 1858 akielekea ziwani. Katika kitabu chake cha 1863 aliwagawa watu wa Maziwa Makuu kwa asili, akidai watawala wao walitoka Uhabeshi. Dhana hiyo ilikua, ikafundishwa, ikachochea mauaji ya kimbari, na mwaka 1994 maiti kutoka Rwanda zilielea katika mto Kagera hadi ziwa hili tunalovua samaki.

Geita wenyeji wa zamani ni Wazinza. Wasukuma wengi walihamia, na wachimbaji wanaendelea kuhamia. Mahali kama hapa, mahubiri ya damu teule ni petroli karibu na moto. Ninawaomba, katika madarasa yenu, Yoshua 6 isifundishwe bila Yoshua 7, na anayehubiri mwaloni kuwa kabila lake ndilo Israeli aulizwe hadharani amemweka wapi Akani.